Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Kasa Wetu na Mchanga Wenye Moto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu ya Mafia; Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, Assalaam aleikum na habari za asubuhi.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi chini ya huu mkungu. Habari yetu leo ni moja tu, ya kasa.

Mheshimiwa, bahari ya Tanzania ina kasa wa aina 5, lakini wanaopanda fukwe zetu kutaga ni kasa wa kijani na ng'amba. Ng'amba wamebaki wachache mno duniani, maana waliwindwa miaka mingi ili gamba lao litengenezwe vitana na bangili. Hifadhi ya Bahari ilipoanzishwa hapa mwaka 1995, ya kwanza nchini, adui aliyejulikana alikuwa wavu wa jarife na kisu. Siku hizi adui mwingine yumo ndani ya mchanga wenyewe.

Yai la kasa likitagwa halina dume wala jike. Joto la mchanga ndilo linaloamua. Kwenye nyuzi 29 hivi hutoka mchanganyiko. Likipita 31 karibu wote huwa majike. Likizidi 33 kwa siku nyingi, mayai huviza. Kaskazini mwa Australia, watafiti walitangaza mwaka 2018 kwamba zaidi ya asilimia 99 ya kasa wadogo waliotoka kwenye fukwe za joto ni majike. Majike watupu, Mheshimiwa, wataolewa na nani?

Hivi karibuni tulifuatana na walinzi wa viota hadi kisiwa cha Juani. Bamvua lilikuwa limekula ufukwe mpaka kwenye mizizi, na kiota kilichotagwa usiku ule kilikuwa hatua mbili tu kutoka majini. Mlinzi alilala kifudifudi, akatumbukiza mkono hadi begani, akatoa yai moja moja na kulilaza kwenye ndoo ya mchanga bila kuligeuza, kwani kiinitete kikishashika ganda, ukiligeuza yai umeliua. Tukatafuta mahali pa juu penye kivuli tuyafukie. Pa juu tulipapata. Kivuli hatukukipata: vichaka vimekwisha kwa kuni, na miti mingine ilikatwa ili bahari ionekane vizuri.

Changamoto zetu hatutazirefusha. Tuna kipimajoto kimoja, cha maabara, na mwalimu wa kemia anakidai kila Jumatatu.

Tunaomba vipimajoto vitano vya kufukia mchangani, na nauli ya boti. Zaidi ya hayo tunaomba agizo lako: vichaka vilivyo nyuma ya fukwe za kutagia visikatwe, na mchanga wake usichotwe kwa ujenzi. Miche ya mitondoo, miti ya kivuli, tumeiotesha wenyewe kwenye pakiti za maziwa, iko nyuma ya jiko la shule. Tafadhali uikague kabla ya chai, maana mbuzi wa jirani nao wanaijua njia.

Tunaomba kuwasilisha.