Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mafunzo ya Usalama wa Mabwawa, Mtihani na Ada

Ndugu wanachama,

Katiba inanitaka kila mwaka niwaeleze chama kimefanya nini, fedha zimekwendaje na tunaelekea wapi. Nitaeleza yote hayo. Lakini tusidanganyane: mwaka huu vikao, simu na kundi letu la WhatsApp vilitawaliwa na jambo moja tu, mtihani. Nitalifikia, na nitakaa nalo, maana mengi yaliyosemwa yalisemwa na watu ambao hawakuwepo.

Nianze na ya kawaida, ambayo wengi mnayajua. Semina ya makadirio ya mafuriko ilifanyika. Semina ya jiolojia ya misingi ya mabwawa na usomaji wa kumbukumbu za uchorongaji ilifanyika. Mafunzo ya zege la kushindiliwa kwa rola yalifanyika kwa njia ya mtandao, sauti ikawa inakatika siku ya pili, na mkufunzi tumeshamwomba radhi. Kozi kuu ya usalama wa mabwawa ilichukua siku 5, nne darasani na moja bwawani. Maktaba imepangwa upya. Wanachama sasa tuko 214, wapya wakiwa 31 na waliojitoa 6. Walioshiriki angalau tukio moja la mafunzo ni 97. Waliokamilisha ada ni 83. Kamati ya utendaji ilikutana kadiri akidi ilivyoruhusu. Namshukuru katibu kwa kumbukumbu, na mweka hazina kwa uvumilivu.

Sasa mtihani.

Kwa miaka mingi kozi yetu kuu imekuwa ikiisha kwa picha ya pamoja na cheti kwa kila aliyesaini siku ya kwanza. Aliyesaini na kuondoka, cheti. Aliyekaa nje na simu siku zote tano, cheti. Mwaka huu kamati iliamua kwamba cheti kitolewe kwa atakayefaulu mtihani wenye sehemu mbili, karatasi ya darasani na ukaguzi wa bwawani. Pendekezo lilikuwa langu na silikani. Waliojiandikisha walikuwa 61, waliofika 46, waliofaulu 19. Wenzetu 27 walirudi makazini mikono mitupu, na kuanzia jioni ile simu yangu haikupumzika.

Nimepokea barua yenye saini 22 ikitaka matokeo yafutwe na vyeti vitolewe kwa wote. Nimeisoma kwa makini kuliko wanavyodhani waandishi wake. Kati ya hao 22, 9 hawakufanya mtihani kabisa na 14 wanadaiwa ada. Sisemi kwamba hawana haki ya kulalamika. Nasema tu takwimu zijulikane.

Hoja ya kwanza ya barua ni kwamba hatukutoa taarifa mapema. Taarifa ilikwenda kwa barua pepe pamoja na fomu ya kujiandikisha, aya ya pili, kwa herufi nzito. Zaidi ya hapo ningefanya nini, nipige hodi mlango kwa mlango?

Hoja ya pili ndiyo nzito: kwamba wengi wetu ni wahandisi waliosajiliwa, wenye uzoefu wa miaka mingi, na si heshima kutupima kama wanafunzi. Naomba niwaeleze kilichokuwa ndani ya mtihani huo, kwa sababu barua haikukieleza.

Swali la nne la karatasi lilikuwa jedwali la usomaji wa miezi 12. Safu moja ilikuwa ya kina cha maji bwawani, kikipanda kwa mita 6 katika msimu wa mvua kisha kikishuka. Safu ya pili ilikuwa ya pizomita namba 3, yaani bomba la kupimia maji yaliyomo ndani ya tuta, iliyo upande wa maji. Mwezi wa kwanza 14.37. Mwezi wa pili 14.37. Mwezi wa 12, 14.37. Tuliuliza: toa maoni yako. Zaidi ya nusu ya watahiniwa waliandika kwamba hakuna mabadiliko na kwa hiyo tuta ni thabiti. Mmoja alichora na grafu, mstari umenyooka safi kama rula. Jamani, pizomita iliyo upande wa maji isiyosogea hata sentimita moja maji yakipanda mita 6 imeziba, au imekufa, au aliyeandika namba zile hakwenda bwawani. Jibu tulilolitaka lilikuwa fupi: usomaji huu hauaminiki, mimina maji kwenye bomba uone kama yanashuka, kisha kamhoji msomaji.

Bwawani hali ilikuwa hivyo hivyo. Chini ya tuta kuna kibao cha chuma chenye mkato wa V ambacho mvujo unapitia ili upimwe. Siku ile mkato ulikuwa umejaa majani, maji yamepanda nyuma yake, kwa hiyo kipimo kilionyesha mvujo mkubwa kuliko uliokuwepo. Nilisimama pale nikiwatazama wenzangu. Mmoja baada ya mwingine aliinama, akasoma rula hadi milimita, akaandika kwa mwandiko mzuri, akaondoka. Waliotoa majani kwanza na kusubiri maji yatulie niliwahesabu kwa vidole. Waliochota mvujo kwenye chupa ya kioo na kuuacha utuame, ili waone kama una chembe za udongo, walikuwa wachache zaidi, ingawa chupa tulizipanga pale pale kwenye meza. Na hilo ndilo somo la siku ya kwanza: mvujo wa maji maangavu ni wa kufuatilia, mvujo wenye tope ni wa kupiga simu, kwa sababu tope lile ndilo tuta lenyewe linaondoka.

Kwa wanaosema nakuza mambo, nawakumbusha Teton, Marekani. Tuta la mita 93 hivi, jipya, likijazwa maji kwa mara ya kwanza. Tarehe 3 Juni 1976 zilionekana chemchemi ndogo za maji maangavu chini ya bwawa. Tarehe 5 Juni, kama saa 1 asubuhi, maji ya tope yakatoka ubavuni, upande wa kulia. Baadaye asubuhi ile buldoza mbili zilipelekwa kusukuma udongo kwenye shimo, na shimo likazimeza zote mbili. Dakika tatu kabla ya saa 6 mchana kilele kilikatika. Watu 11 walikufa. Kati ya tope la kwanza na kukatika kwa tuta hazikufika hata saa 5. Sasa niambieni: msimamizi asiyejua tofauti ya maji maangavu na tope, saa hizo angezitumia kufanya nini?

Na uzoefu, ndugu zangu, nao una mtego wake. Oroville, California, ndilo bwawa refu kuliko yote Marekani, mita 235. Lilikaguliwa mwaka baada ya mwaka na watu wenye sifa zote. Utoro wake, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, ulikuwa na nyufa kwenye sakafu ya zege, juu ya mifereji iliyofukiwa chini yake. Nyufa zilionekana mapema, zikazibwa, zikafunguka, zikazibwa tena, mpaka zikazoeleka. Februari 2017 sakafu ilifumuka, na watu wapatao 188,000 wakaamriwa kuhama. Timu huru ya wachunguzi iliporipoti Januari 2018 haikumtupia lawama mtu mmoja. Ilisema ukaguzi wa kutazama kwa macho haukutosha, na kwamba ilibidi watu warudi kwenye michoro na kumbukumbu za ujenzi waulize kama usanifu ule wa awali unafaa. Ndiyo maana karatasi yetu ilikuwa na mchoro wa zamani. Wapo waliouona mchoro huo kama mtego. Mimi naona ni kazi ya kila siku.

Kuhusu cheti chenyewe sitasema mengi. Brumadinho, Brazili, bwawa la mabaki ya mgodi liliporomoka tarehe 25 Januari 2019 na kuua watu 270. Tamko la uthabiti wake lilikuwa limesainiwa mwaka 2018. Karatasi ilikuwepo, saini ilikuwepo. Mwenye kutaka nimgawie cheti bila kumpima anisomee kwanza habari hizo kwa sauti mbele ya mkutano.

Hoja ya tatu ilikuwa kwamba mtihani ungebaki kwa wanaoshughulika na mabwawa makubwa tu. Wenye hoja hiyo wanataja kipimo cha Tume ya Kimataifa ya Mabwawa Makubwa: kimo cha mita 15 na kuendelea, au kati ya mita 5 na 15 ikiwa ujazo unazidi mita za ujazo milioni 3. Kipimo ni sahihi, matumizi yake ndiyo si sahihi. Lililopasuka Solai, Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018 lilikuwa bwawa la shambani, la tuta la udongo, na waliokufa walizidi 40. Malambo ndiyo yanayojengwa bila mchoro, yanakaguliwa na yeyote aliyepo, na mara nyingi utoro wake ni mfereji uliochimbwa kwa kukisia. Matuta ya udongo huuawa zaidi na mambo mawili, maji kupita juu ya kilele na mmomonyoko wa ndani, na yote mawili hayaulizi ukubwa wa bwawa.

Kuna pia waliotaka siku ya bwawani iondolewe ili tupate siku mbili za programu za kompyuta za kukokotoa uthabiti wa miteremko. Programu hizo nazipenda, nimezifundisha mwenyewe kabla ya baadhi ya walalamikaji kujiunga. Lakini ukuta wa bwawa la Vajont, Italia, wenye mita 262, umesimama hadi leo. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963 mlima wa pembeni ulitumbukia ziwani, wimbi likaruka juu ya ukuta na kuua watu karibu 2,000. Ukuta ulikuwa umekokotolewa vizuri. Mlima wenyewe ulikuwa umeshaonekana ukisogea.

Kwa hiyo uamuzi unabaki. Watakaotaka kurudia watapewa nafasi, bila kulipia tena, na tarehe itatangazwa. Na kwa waajiri waliolipia watu wao, nimewaandikia mmoja mmoja kwa mkono wangu. Wawili wamejibu kwamba wanashukuru. Barua zao katibu anazo.

Mahudhurio. Hapa nasikitika waziwazi. Mkutano wa nusu mwaka walifika wanachama 29 wakati akidi ni theluthi, yaani 72, tukalazimika kuugeuza mazungumzo yasiyo na maamuzi. Siku ya bwawani, kati ya 61 waliojiandikisha, 15 hawakuonekana na watatu tu ndio waliotoa udhuru. Vifaa vya kufundishia, yaani kipima kina, chupa, kibao cha akiba na vitabu, vilisafiri kwenye gari langu kwa mafuta yangu, na sijakidai chama kitu chochote. Nasema hili kwa kuwa kuna aliyeandika kundini kwamba mwenyekiti anakula fedha za mafunzo. Angalikuja siku ile angenisaidia kushusha masanduku.

Ada ndiyo kidonda cha zamani. Wanachama 131 kati ya 214 hawajalipa mwaka huu, na kati yao 40 hawajalipa kwa zaidi ya miaka mitatu, ingawa kwenye wasifu wao wa kikazi uanachama umeandikwa mstari wa juu. Kifungu kinachomnyima mdaiwa haki ya kupiga kura kimo kwenye katiba tangu chama kianze. Sikukitunga mimi, wala sikukiamsha kwa ajili ya uchaguzi ujao kama inavyonong'onwa. Nimekisoma tu kwa sauti. Mweka hazina ataeleza mchanganuo wa mapato na matumizi, na kila mdaiwa atapata taarifa yake kwa faragha, si kundini.

Kuhusu mwakani, kamati inatarajia kutazama uwezekano wa kushirikiana na vyuo. Tunatamani pia kuwafikia waendesha malango na wasomaji wa vipimo, ambao ndio wanaokuwa bwawani usiku wakati wahandisi tumelala, maana kozi zetu haziwalengi hata kidogo. Mazoezi ya mpango wa dharura pamoja na wakazi wa chini ya bwawa tumeyazungumza kwa muda sasa. Tukipata wenyeji wa kutupokea, na fedha zikiruhusu, tutaanza na moja. Wazo la kuwa na jarida nalo bado liko hai.

Mwisho, marudio ya mtihani yatakuwa na swali la pizomita tena. Namba zitabadilishwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti