Karatasi za mwanafunzi zitoke kabla ya risasi

Mhariri,

Mtoto anapopata nafasi ya kusoma ng'ambo, sisi wazazi wa Mombasa huuliza karo, nauli na bei ya chumba. Ni nadra kuuliza: mji ukifungwa ghafla, atatoka na nini mkononi?

Jumamosi, tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, jeshi la Sudan na RSF, kikosi chenye silaha kilichokuwa kikishika madaraka pamoja nalo, walianza kupigana Khartoum. Uwanja wa ndege ulifungwa siku hiyo hiyo. Waliotaka kutoka walibaki na barabara: kuelekea Gallabat na kuvuka hadi Ethiopia, au kwenda Port Sudan, zaidi ya kilomita 800, wakapande meli ya Jeddah. Benki zilifungwa, nauli za mabasi zikapaa, na pasipoti zilizokuwa zimepelekwa kuombewa viza zikabaki ndani ya balozi zilizofungwa.

Kwa hiyo pasipoti ikae kwa mwenyewe, isiachwe ofisi ya chuo baada ya kugongwa muhuri wa ukaazi. Ikibaki na mwaka mmoja, aombe mpya, kwani nchi nyingi hukataa iliyo chini ya miezi sita. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae pamoja nayo. Dola ziwe noti mpya zisizo na mkunjo wala wino, na nyingine ziwe ndogo ndogo, maana dereva wa basi hana chenji ya mia. Ziwe za kutosha nauli hadi mpakani, viza, na chakula cha wiki moja. Wala zisikae mfuko mmoja.

Mtandao wa simu hukatika mapema. Familia ipange nyakati mbili maalumu za kuwasiliana kila siku, na ujumbe uwe mfupi: niko wapi, tuko wangapi, tunaelekea wapi. Namba ziandikwe pia kwenye karatasi, maana simu hunyang'anywa vizuizini. Picha za askari zifutwe kabla ya safari. Kijana anaweza kuitwa jasusi kwa picha moja tu. Na ajiandikishe ubalozini wiki ya kwanza anapofika, kisha abadilishe namba kule kila anapobadilisha laini. Ubalozi hauwezi kumtafuta mtu usiyemjua. Bima pia isomwe vizuri, kwani nyingi hazilipi hasara ya vita.

Lakini jambo linalosahaulika zaidi ni matokeo ya masomo. Mtu anaweza kufika Mombasa salama na bado akapoteza miaka mitatu, kwa sababu ofisi ya msajili imeungua au mwenye muhuri naye ni mkimbizi. Kila muhula ukiisha, mwanafunzi achukue transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zake, yenye muhuri, asingoje kuhitimu. Kama lugha ya chuo ni Kiarabu au Kituruki, atafute tafsiri rasmi papo hapo. Pamoja nayo achukue maelezo ya kila somo: mada zilizofundishwa na saa za darasani na maabara. Chuo kinachompokea hulinganisha mada kwa mada; jina la somo na alama pekee havitoshi, na wa udaktari na uhandisi ndio huumia zaidi. Vyote vipigwe picha na kutumwa nyumbani kwa barua pepe, na nakala ya karatasi iletwe na mwenzake anayerudi likizo.

Karo nayo ilipwe muhula kwa muhula. Punguzo la kulipa mwaka mzima huvutia, ila chuo kikifungwa, kurudishiwa pesa ni kazi ngumu.

Ombi letu ni kwa vyuo vya hapa Pwani: chapisheni sasa masharti ya kuhamishia masomo, mkitaja karatasi gani zinatakiwa na ni masomo mangapi yanakubaliwa, ili mwanafunzi aliye nje azikusanye wakati ofisi za chuo chake bado ziko wazi.

Washauri wa wanafunzi,
Mombasa