Utani wa msibani si kituko

Mhariri,

Kila baada ya muda huzuka mitandaoni video ya mtu aliyejilaza ndani ya kaburi lililo wazi, anagoma kutoka mpaka alipwe. Magazeti huiwekea kichwa cha habari cha "Kituko msibani" na kuishia hapo. Chini yake wasomaji, hasa wa nchi jirani, huuliza kama wafiwa hawa wamekosa adabu au nini. Adabu wanayo. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa habari: aliyelala mle ni mtu wa kabila gani, na marehemu alikuwa wa kabila gani. Maana kuna makabila yenye utani, yaani haki ya kurithi ya kutaniana hata msibani.

Chukueni mzaha mmoja unaojulikana na kila mtu. Ukitaka kuhakikisha kama Mchaga amekufa kweli, angusha sarafu karibu na sikio lake, asipoinuka, kazikeni. Hapa Moshi mzaha huo ni mali ya Mpare. Akiutoa msibani kwa Wachaga, jibu analijua kabla hajamaliza: Mpare yuko radhi auze ng'ombe apate pesa ya kuendesha kesi ya kuku mmoja. (Mpare aliyeandika nusu ya barua hii anasema kuku huyo alikuwa wa mayai. Mchaga anauliza aliuzwa bei gani.)

Sasa nendeni Nairobi. Sarafu ni ile ile, sikio ni lile lile, ila marehemu ni Mkikuyu, na anayesimulia anaweza kuwa mtu yeyote. Hakuna aliyerithi haki ya kumtania Mkikuyu, kwa hiyo hakuna jibu lililokwisha kuandaliwa wala mpaka unaofahamika. Mzaha unategemea waliokaa ukumbini na uchaguzi uko mbali kiasi gani. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100, na mwaka uliofuata Bunge la Kenya likapitisha sheria ya uwiano na utangamano. Kifungu chake cha 13 kinaweka faini ya hadi shilingi milioni moja za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa maneno ya kuchochea chuki ya kikabila. Mchekeshaji wa huko ana sababu nzuri ya kupima ukumbi kwanza. Wa Moshi hupima ukoo.

Msidhani tofauti hii inafuata umbali. Mtu wa Mali akiiona video ya kaburini hahitaji kuelezwa: kwao mtu wa ukoo wa Traoré humwita wa ukoo wa Diarra mla maharage, njiani au sokoni, na hakuna anayekunja uso. Utani wa namna hiyo nchini Niger uliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya urithi ya UNESCO. Na hao Wakenya wenyewe mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards wanaiita ya mashemeji, maana wanajua vizuri kwamba shemeji hutaniwa. Sisi tunasema Simba na Yanga ni watani wa jadi. Mwandishi anayebadilisha neno hilo kuwa "mahasimu" amefuta nusu ya habari, kwani hasimu haji kukuzika.

Mtani anakuja. Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo katika karne ya 19 walifia njiani mamia ya kilomita kutoka kwao, nao Wazaramo, watani wao, walikuwa wenyeji wa njia ile. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali miaka ya 1870 na 1880, na leo ni watani. Utani ulikuja na kazi ndani yake: kuchimba kaburi, kuteka maji, kupika, kuwalisha wafiwa. Anayedai hela kaburini mara nyingi ndiye aliyeshika chepe tangu asubuhi.

Kwa washereheshaji wenzetu, mambo huharibika katika sehemu zilezile. Kamati ya mazishi inapokaa siku ya kwanza, ulizeni familia watani wao ni nani na nani amekwisha kufika. Msimpe kipaza sauti anayejitangaza mwenyewe. Chenjini kama shilingi 20,000 ziwe noti za elfu moja na elfu mbili, mkabidhi shemeji, si mfiwa. Noti moja kubwa inaua mchezo wote, kwa sababu utamu uko kwenye kupatana bei. Mtani atoke kaburini kabla jeneza halijafika. Masika kingo humomonyoka, na shimo la futi sita likimbomokea mtu hapo hakuna tena utani. Kiongozi wa dini akishafungua kitabu, mtani anyamaze.

Mwendo wa marehemu, lafudhi yake, ulaji wake na ubahili wake vyote ni halali kuigizwa. Ugonjwa uliomuua si halali. Msiba wa mtoto mchanga sisi hatuuwekei utani kabisa, hata watani wakijaa uwanjani.

Kosa baya kuliko yote ni la mjini: kukodi mchekeshaji akaigize utani katika msiba wa watu ambao hana utani nao. Maneno anayo yote, ameyakariri, na sauti anaiweza. Lakini wafiwa hawana la kumjibu, kwa kuwa hakuna wanachomdai wala anachowadai. Dakika tano tu, kaka wa marehemu anakunja mikono ya shati. Na pale ambapo wakwe wametoka kwenye kabila lisilo na utani huo, sentensi moja kabla ya kuanza inatosha: "Hawa ni watani, ndio waliochimba kaburi."

Kwa hiyo, Mhariri, tunaomba mawili. Chini ya picha andikeni makabila yote mawili na neno "watani". Na mnapoikata video ili itoshe sekunde thelathini, msikate pale mfiwa anapofungua kinywa kujibu.

Washereheshaji wawili, Mpare na Mchaga,
Moshi