Kazi ya zamu imenichosha, niache au nivumilie?

Shangazi, shikamoo. Natumai u mzima wa afya.

Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi na mama na mdogo wangu huku Likoni, upande wa Shika Adabu. Nafanya kazi kwenye yadi ya kontena huko Changamwe. Nina diploma ya usafirishaji wa mizigo na hii ndiyo ajira yangu ya kwanza. Miaka miwili bado sijaitimiza. Sasa nimepata nafasi nyingine, ya mchana, yenye mshahara mdogo zaidi. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, na nyumbani hatuelewani kabisa. Ndipo nikaona nikuandikie.

Mimi ni karani wa langoni. Lori likiingia na kontena kutoka bandarini, nasoma namba, nakagua sili kama haijaguswa, nalizunguka kontena kuona kama limebonyea au limetoboka, naandika, natia sahihi, dereva anachukua karatasi yake anaondoka. Ukiambiwa hivyo utasema ni kazi nyepesi. Namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, na ile ya mwisho hupatikana kwa kupiga hesabu ya zilizotangulia, ili ukiandika vibaya mfumo ukushtue. Mchana nazisoma huku natembea. Saa tisa usiku, dereva hajazima injini, taniboi anapiga ubavu wa lori ili tufanye haraka na foleni imefika barabarani, nazimulika kwa tochi na kuzifuata kwa kidole moja moja, kisha narudia, kwa sababu macho yanaona sita na akili inasema nane.

Kila zamu yetu ina urefu wa saa kumi na mbili, wiki moja mchana na wiki inayofuata usiku. Huko kubadilishana ndiko kunakonimaliza. Ningekuwa wa usiku moja kwa moja huenda mwili ungezoea, lakini ukishaanza tu kuzoea, ratiba inageuka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na kwenye karatasi ninayo. Meli zikifuatana lakini, kontena humiminwa kwetu, na simu inalia nikiwa nimelala: "Binti, tusaidie leo tu." Saa za ziada wanalipa, sitasema uongo. Mshahara nao haujawahi kuchelewa, na hakuna mtu aliyenivunjia heshima pale, ingawa wanawake yadini ni wachache.

Hilo ndilo linalonitatiza, Shangazi. Ningekuwa naonewa, ningeondoka na kila mtu angenielewa. Mimi sababu yangu ni uchovu, na uchovu hauonekani.

Nikitoka zamu ya usiku napanda matatu hadi feri. Saa hizo watu wa Likoni wanamiminika kwenda kisiwani, mimi navuka kurudi. Nafika nyumbani jua limeshapanda. Chumba changu ni cha mabati, na ikifika saa nne hakilaliki hata feni ikiwaka. Umeme ukipotea, basi tena. Jirani ana karakana ya kuchomelea vyuma, naye anatafuta riziki yake, siwezi kumwambia anyamaze. Usingizi wangu ni wa muda wa saa tatu tu, nikibahatika nne. Kichwa kinaniuma mara kwa mara na hedhi zangu zimevurugika, jambo ambalo siwezi kumweleza mjomba anaponiuliza mbona nakonda. Zahanati wamenipima wasione ugonjwa. Daktari aliniuliza swali moja tu, kwamba nalala lini, nikashindwa kumjibu.

Nimesoma pia kwamba mwaka 2007 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya zamu za usiku, ile inayovuruga saa ya mwili, kwenye kundi la mambo ambayo yaelekea husababisha saratani, na mwaka 2019 wakalipitia suala hilo tena wakaibakiza palepale. Najua hiyo si kusema kwamba kila anayekesha ataugua. Wauguzi wanakesha, walinzi wanakesha, mabaharia wanakesha. Kinachonitisha zaidi kiko karibu nami. Yadini kuna zile mashine kubwa zinazoinua kontena zima na kutembea nalo, na dereva aliyebeba mzigo mbele yake hamwoni vizuri mtu anayekatiza. Anayepita ndiye anayepaswa kuwa macho. Kuna usiku nasimama pembeni kungoja mashine ipite, na inapokwisha kupita najikuta bado nimesimama, sijui ni kwa muda gani.

Niliandika barua kuomba nihamishiwe ofisi ya nyaraka, ambayo hufanya kazi mchana. Nikaambiwa ningoje nafasi ipatikane. Bado nangoja.

Hii nafasi mpya ni kwenye kampuni ndogo ya uwakala wa forodha, Mbaraki. Ningeshuka kwenye feri nikatembea kwa miguu hadi ofisini, nauli ya matatu ikabaki mfukoni. Kazi ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumapili hakuna. Mshahara ni shilingi 20,000. Huku yadini napata 32,000 kabla ya makato. Lakini pale ningeweza kusomea kile cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha na mizigo kinachofundishwa na KESRA, chuo cha mamlaka ya ushuru, ambao wana tawi hapa Mombasa. Ndicho kinachodaiwa kwa anayetaka kuifanya kazi hiyo sawasawa. Nikiwa yadini sioni nitasoma vipi. Darasa lolote nitakalojiandikisha, wiki moja nitakuwepo na inayofuata nitakuwa kazini au nimelala. Kwa hiyo kila mwezi ninaokaa pale napata pesa, lakini njia ya kutoka sijengi.

Mama hataki hata kusikia. Na ana sababu, ndiyo maana siwezi kumpuuza. Mjomba, ndugu yake, alikuwa akiendesha folklifti kwenye yadi nyingine. Mwaka 2019 serikali ilipoagiza mizigo ya Nairobi na bara isafirishwe kwa reli ya SGR, yadi zikapoa, naye akapigwa kalamu pamoja na wenzake. Utakumbuka jinsi watu walivyoandamana mjini. Mama alilisha nyumba mbili kwa mahamri na mbaazi, akiamka saa tisa kukanda unga. Agizo lile lilikuja kuondolewa mwaka 2022 na shughuli zikarudi Mombasa, lakini mjomba hakuitwa tena, hadi leo anaendesha tuktuk ya mtu. Kwa hiyo mama akisikia mtu mwenye ajira ya kudumu anataka kuiacha mwenyewe, kwa hiari yake, anaona kama kufuru. Aliniambia, "Mwanangu, kazi haiachwi kwa sababu ya usingizi." Mdogo wangu yuko kidato cha tatu na karo yake nailipa mimi. Hizo 12,000 zitakazopungua si pesa za kuchezea. Ndizo karo yenyewe.

Msimamizi wetu, mzee aliyezeekea kwenye yadi, ananishauri nivumilie nifikishe miaka mitatu. Anasema matangazo ya kazi yanataka uzoefu wa miaka mitatu na mwajiri akiona umehama mapema atadhani hutulii. Nimeyatazama matangazo hayo mwenyewe, mengi yanasema hivyo kweli. Rafiki yangu niliyesoma naye anasema niondoke kesho.

Upande wa sheria nimejitahidi kuujua. Kwa kuwa nalipwa kwa mwezi, natakiwa kutoa notisi ya maandishi ya siku 28, nilipwe siku zangu za likizo ambazo sijachukua, na wanipe hati ya utumishi. Huko niendako nitakuwa kwenye majaribio ya miezi sita, na wakati huo wanaweza kuniachisha kwa notisi ya siku saba tu. Hapo ndipo usingizi unaponikimbia hata siku ya mapumziko. Nikitoka kwenye ajira ya kudumu, kisha baada ya miezi mitatu kampuni ndogo ikose wateja, nitamtazama vipi mama?

Moyo wangu, nikiwa mkweli kwako, umeelemea Mbaraki. Nimepiga hesabu kwamba nikiweka akiba kwa miezi miwili ningelipa karo ya muhula mmoja mapema, lakini hiyo miezi miwili nafasi haitaningoja. Nimefikiria pia kuwaomba Mbaraki wanisogezee tarehe ya kuanza, naogopa wataona sina haja nayo.

Naomba uniambie, Shangazi, wewe na wasomaji waliopitia kazi za zamu. Je, uchovu peke yake ni sababu ya kutosha kuacha ajira ya kwanza? Niwaombe hao wapya muda, au nitapoteza vyote viwili? Mama nimweleze habari za afya yangu zote, hata zile ninazomficha ili asikeshe na wasiwasi? Na kama jibu lako ni nibaki, tafadhali niambie nibaki hadi lini, maana "vumilia" isiyo na tarehe ndiyo iliyonifikisha hapa.

Ni mimi msomaji wako,
Likoni, Mombasa