Gego la mwisho si "jino tu"

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya afya kuhusu meno ya hekima ndiyo iliyonishinda. Mnaikumbuka: ile iliyosema maumivu ya magego ya mwisho ni "hali ya kawaida ya ukuaji", kwamba kijana avumilie, asukutue maji ya chumvi, na jino litajitafutia njia lenyewe. Niliirudia mara tatu nikidhani nimeruka mahali palipoandikwa ni lini mtu aende kwa daktari. Hapakuwapo.

Neno hilo "kawaida" ndilo lililonikalisha kitako niandike. Kawaida ni jino kuchelewa. Magego haya, kwa walio wengi, huota kati ya miaka 17 na 25, wakati meno mengine 28 yameshakaa mahali pake na nafasi ya nyuma imekuwa finyu. Wapo wanaoyapata yote manne, wapo wenye mawili, na wapo wasioota hata moja maisha yao yote, nao hawana kasoro yoyote. Ufizi kuuma siku mbili tatu jino linapochomoza, hilo pia sikatai. Lakini uso kuvimba upande mmoja, mdomo kutoa harufu mbaya, kumeza mate kwa shida, taya kugoma kufunguka, hayo hayana ukawaida. Hayo ni maambukizi.

Makala yenu iliruka kabisa jinsi yanavyoanza, kwa hiyo nitaeleza. Jino likikosa nafasi mwishoni mwa taya hutoka nusu, na nusu nyingine hubaki chini ya kipande cha ufizi kilicholifunika kama kope inavyofunika jicho. Chini ya kope hiyo huingia mabaki ya chakula, mswaki haufiki, bakteria huzaliana humo. Ufizi ukivimba, gego la juu huukanyaga kila mtu anapofunga mdomo, nao huzidi kuvimba, kisha misuli ya kutafunia hukaza. Ukiachwa, usaha hutafuta njia ya kushuka. Mwaka 1836 daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig alieleza uvimbe unaoenea chini ya ulimi na shingoni hadi kuziba njia ya hewa. Ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake hadi leo, na mara nyingi chanzo chake ni magego ya nyuma ya taya la chini. Mtu anaweza kufa kwa jino, Mhariri, na makala yenu haikulisema hilo hata kwa nusu sentensi.

Mimi nilikuwa na miaka 23, mwezi wa pili katika kazi yangu ya kwanza. Gego la chini, upande wa kulia. Lilipouma mara ya kwanza nilikwenda kituo cha afya, nikaulizwa ni jino gani, nikagusa shavu, nikaandikiwa vidonge vya antibayotiki. Hakuna aliyeniambia nifungue mdomo. Nikapata nafuu kwa wiki sita. Likarudi, nikapewa vidonge vilevile. Likarudi tena, vilevile tena. Vidonge vilituliza usaha kwa muda, lakini uchafu uliokuwa chini ya ufizi hakuna aliyeusafisha, na jino lilikuwa palepale. Asubuhi moja nikaamka mswaki haupiti. Nikasimama mbele ya kioo nikijaribu kuyatenganisha meno ya mbele kwa vidole gumba, na kilichopita kati yake ni ncha ya kijiko iliyolazwa ubavu. Siku nne kila kilichoingia tumboni kilipitia mwanya huo. Usiku nililala nimekaa, kichwa nimekiegemeza ukutani, kwa sababu nikijilaza jino lilidunda sawasawa na mapigo ya moyo, na maumivu yalipanda hadi ndani ya sikio.

Daktari wa meno niliyefikishwa kwake alikuwa mtu mzima, mpole. "Fungua, mwanangu," akasema. Nikafungua nilivyoweza, akapima kwa kidole chake: kimoja tu, tena kwa kubanwa. Kioo chake kidogo kiligonga meno ya mbele kikarudi. Akachukua bomba la sindano lenye ncha butu iliyopindwa, akaipenyeza pembeni mwa mdomo, akaanza kuosha chini ya ufizi taratibu. Ladha ya kile kilichotoka ninaikumbuka mpaka leo. Baada ya dakika kumi na tano nilimeza mate bila kushika shavu, kwa mara ya kwanza katika siku tano. Maji safi na mkono wenye subira ndivyo vilivyonipa nafuu hiyo, baada ya miezi mitano ya vidonge. Uvimbe ulipopungua nikapigwa eksirei. Gego lilikuwa limelala kabisa ndani ya taya, uso wake umeegemea ubavu wa gego la jirani. Mahali walipogusana, kwa nyuma, chini kidogo ya ufizi, jirani alikuwa ametoboka hadi kwenye kiini. Jino zima, imara, nililolipiga mswaki tangu utotoni, lilikuwa limeoza upande ambao hakuna mswaki unaofika. Yaling'olewa yote mawili. Jino la pembe si dawa ya pengo, na pengo langu ninalo, nalisikia kwa ulimi sasa hivi ninapoandika.

Na ushauri wenu wa maji ya chumvi nao ulinifuata mpaka huko. Nilikuwa nimeusoma mahali pengi, kila mara bila maelezo, kwa hiyo jioni ileile ya kung'olewa nilisukutua kwa nguvu nikidhani najitunza. Donge la damu linaloziba tundu, lile linaloukinga mfupa wakati kidonda kinapona, likatoka. Siku ya tatu mfupa ulikuwa wazi, na maumivu yake yalizidi yale ya mwanzo. Ilibidi nirudi mara mbili tundu lioshwe na kuwekewa dawa. Chumvi ni nzuri, lakini baada ya kung'oa husubiriwa siku nzima ndipo mtu asukutue, tena kwa upole, maji ya uvuguvugu yakizungushwa tu mdomoni. Na mvutaji wa sigara akae mbali nazo siku hizo, maana nazo huharibu donge hilo. Kuyaandika haya kulihitaji mistari mitatu.

Kinachoniumiza zaidi ni neno nililolisikia nilipoomba ruhusa kazini. "Ni jino tu." Msimamizi wangu alilisema bila ubaya, kama watu wote wanavyolisema, na mimi nikakaa kwenye kiti changu siku mbili zaidi nikiwajibu watu kwa kuandika kwenye karatasi kwa sababu sikuweza kutamka. Mtu akivunjika kidole cha mguu anapewa pole na mapumziko. Mwenye taya lililojifunga anaambiwa avumilie, kana kwamba mdomo umeazimwa kutoka mwili mwingine. Bima nyingi huyaweka meno kando, na fomu za ruhusa ya ugonjwa mara nyingi hazina hata mahali pa kuyaandika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.5 wanaishi na magonjwa ya kinywa. Hiyo inakaribia nusu ya binadamu wote! Wanafunzi wanaingia kwenye mitihani na mavimbe haya, kwa kuwa umri wa magego ya mwisho ndio umri wa mitihani mikubwa na wa kazi ya kwanza. Wanalala vibaya, wanakonda, wanaacha kucheka hadharani kwa kuhofia harufu, wanajitenga na wenzao, kisha mzazi anauliza kwa nini kijana amekuwa mkali siku hizi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi gazeti lisimwambie maiti kwamba kaburi ni kawaida.

Sijasema kila mtu akang'olewe. Hapo pia makala yenu ilipotoka, ilipomalizia kwa kudai magego haya husukuma meno ya mbele yakapinda, hivyo ni heri kuyatoa mapema yote. Tafiti hazijathibitisha kwamba ndiyo yanayopinda meno ya mbele. Uingereza, tangu mwaka 2000, mwongozo wa huduma yao ya afya unasema gego lililokwama lakini lisilo na ugonjwa lisitolewe kwa tahadhari tu. Kwenye taya la chini mshipa wa fahamu wa mdomo na kidevu hupita karibu na mizizi ya jino hilo, na wapo wanaobaki na ganzi ya mdomo au ulimi kwa wiki au miezi, wachache moja kwa moja. Jino lililonyooka, linalofikiwa na mswaki, na lisilouma, liachwe na likaguliwe. Lililooza, linalomtoboa jirani au linalovimba mara kwa mara, litolewe, na ni rahisi zaidi ujanani kabla mizizi haijakomaa na mfupa haujawa mgumu. Makala moja iliweza vipi kumwambia mgonjwa avumilie na mzima akang'olewe?

Ninachoomba ni hiki. Toeni kisanduku ukurasa uleule wa afya, upande wa kulia juu, matoleo manne mfululizo. Ndani yake uwepo mchoro mmoja: vidole vitatu vya mtu mwenyewe, cha shahada, cha kati na cha pete, vimepangwa kimoja juu ya kingine kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Walio wengi mdomo wao hufunguka kiasi hicho. Chini yake aandikiwe msomaji kwamba vikipita viwili kwa taabu aonane na daktari wa meno wiki hiyohiyo, na kikipita kimoja aende leo. Na kama pamoja na hayo ana homa, hawezi kumeza mate, sauti imebadilika au uvimbe umeshuka chini ya taya, aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mchoraji wenu aangalie vidole visimame kama ngazi, kimoja juu ya kingine. Akivilaza sambamba, vitapita vyote vitatu hata kwenye mdomo uliojifunga kama ulivyokuwa wangu.

Msomaji wenu wa siku nyingi