YAH: Malalamiko kuhusu programu yenu kukosa bendi ya mita 6

Jinja, Uganda

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Mimi ni mwendeshaji wa redio ya ridhaa, na huu ni mwaka wa pili nailipia programu yenu ya kufuatilia vituo vinavyosikika hewani. Nimeshawaandikia mara tatu kuhusu bendi ya mita 6, yaani masafa ya megahezi 50 hadi 54. Mara mbili mlinijibu kwamba ombi limepokelewa. Mara ya tatu mkaniambia bendi hiyo haina watumiaji wengi Afrika, na jibu hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika barua hii.

Programu yenu inaanzia mita 160 na kuishia mita 10, basi. Jioni moja ya Machi nilikuwa mezani, programu iko wazi, inanionyesha mita 20 na mita 15 tu. Saa mbili na nusu usiku mwenzangu wa Nairobi akanipigia simu: "Ndugu yangu, Wagiriki na Wataliano wamejaa 50.313, wewe uko wapi?" Nikatoka mbio kuzungusha antena kwa mkono, maana sina mota, bomba lake nilichomewa na mafundi wa Katwe, na kila fimbo ina urefu wa karibu mita tatu. Niliporudi ndani nikadaka kituo kimoja cha Ugiriki, mizunguko miwili ya FT8, mtindo wa kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta, sekunde 15 kila mmoja. Kisha kimya.

Kesho yake niliingia kwenye klasta yenyewe, ule mtandao ambako waendeshaji hutangaza vituo walivyovisikia na ambako programu yenu huchota taarifa, nikasoma mistari yake mmoja mmoja. Taarifa zote za jioni ile zilikuwemo. Ya kwanza ya kilohezi 50313.0, ndiyo ile 50.313 ya mwenzangu, ilitumwa saa 1652 UTC (saa ya kimataifa), yaani saa mbili kasoro dakika nane kwa saa zetu, dakika 38 kabla ya simu ya mwenzangu. Kwa hiyo taarifa zinafika kwenye programu yenu, nayo inazitupa kwa sababu masafa hayo hayamo kwenye jedwali lake. Hili liliniuma kuliko kukosa vituo vyenyewe.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna bahati na bendi hii. Machi na Septemba, jua likiwa na madoa mengi, mawimbi ya megahezi 50 huvuka ikweta ya sumaku kuanzia alasiri hadi usiku na kufika kusini mwa Ulaya. Njia hiyo hufunguka bila miadi, pengine nusu saa, pengine dakika tano. Wa mita 20 akizungusha kitufe atapata mtu wa kuongea naye. Wa mita 6 asipoambiwa papo hapo, amekosa. Na mkutano wa dunia wa redio wa 2019, kule Sharm el-Sheikh, uliitengea bendi hii nafasi katika Kanda ya 1, ambamo Afrika imo. Mnasema hatuna watumiaji, ilhali programu yenu ndiyo inayowafuta kabla hamjawahesabu.

Naomba muongeze kilohezi 50,000 hadi 54,000 kwenye jedwali, pamoja na chujio lake na mlio wa kutahadharisha. Kama hamko tayari, nirudishieni malipo ya miezi iliyosalia. Nahitaji jibu ndani ya siku 30, ili Septemba isinikute nikisubiri simu ya Nairobi.

Wenu mteja,
Jinja