Koo la silikoni

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na pole na zamu za usiku. Swali lako limenichekesha kwanza, kisha likanikalisha chini: kwa nini tunahangaika kuunda makoo bandia ilhali manikini, zile sanamu za mtu za kufundishia, zipo tele? Acha nikujibu kwa kirefu, maana wewe ndiye unayewatia wagonjwa ile mipira ya kupumulia, inayopita kooni hadi ndani ya trakea, yaani bomba la hewa liendalo mapafuni. Mimi naipima tu.

Manikini ilizaliwa kwa kazi nyingine. Ile maarufu kuliko zote aliitengeneza Åsmund Lærdal wa Norwei mwaka 1960, mtu aliyekuwa akiunda wanasesere wa watoto, ili watu wajifunze kumpulizia hewa aliyezimia. Sura yake ilitolewa kwenye kinyago cha msichana asiyejulikana, ambaye husimuliwa kwamba alizama mto Seine, Paris. Kisa kitamu, lakini hakina msaada kwangu. Manikini inafundisha mkono: laringoskopu, kile chombo chenye taa cha kuchungulia kooni, uishike vipi, ulimi uuinue upande gani, nyuzi za sauti utaziona wapi. Kuhusu mpira wenyewe haina la kukuambia. Watafiti waliwahi kuzipiga manikini kadhaa picha za CT, zile zinazoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, na kuzilinganisha na za watu, na nafasi za hewa kooni hazikuoana. Kwa mwanafunzi si neno. Kwa anayetaka kujua kama puto la mpira mpya, lile linalojazwa hewa kuuzunguka mpira ndani ya trakea, litaziba au litavuja, hapo kipimo kimeharibika kabla hakijaanza.

Na puto ndilo kiini cha yote. Kanuni unaijua kuliko mimi: shinikizo likae kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Likishuka, mate na uchafu wa kooni hupenya hadi mapafuni, na nimonia inaanzia hapo. Likipanda mno, damu haifiki vizuri kwenye utando wa trakea, panatoka kidonda, na kidonda kikipona kinaacha kovu linaloibana njia. Miaka ya 1960 maputo yalikuwa madogo na magumu, na kuna wagonjwa waliopona ugonjwa uliowaleta wakabaki na trakea zilizosinyaa. Ndipo yakaja haya mapana na laini. Nayo yakaja na lao: puto ni pana kuliko trakea, kwa hiyo haliwezi kujaa bila kujikunja, na kila mkunjo ni mfereji.

Njia ya zamani ya kupima uvujaji ingali inatumika. Unachukua bomba gumu la plastiki au kioo, kipenyo milimita 20 hivi, unaingiza mpira, unajaza puto, unamimina maji ya rangi juu yake, unakaa kutazama. Rangi ya buluu husita kwanza kwenye ukingo wa puto, kama haijaamua. Halafu inaupata mkunjo mmoja, inateremka kwa mstari mwembamba mno hadi unahitaji taa kuuona, na chini linaning'inia tone. Sichoki kulitazama jambo hili, sijui kwa nini.

Ila bomba hilo si trakea. Trakea ya mtu ina gegedu 16 hadi 20, zote zimeachwa wazi kwa nyuma, na uwazi huo umezibwa na msuli laini. Ukiikata kwa upana unaona umbo la herufi D, si duara. Puto likijaa, ukuta wa nyuma unasogea kuelekea kwenye umio, huku gegedu za mbele zikikataa kusogea. Ndani ya bomba la duara puto linabanwa sawa pande zote, bahati ambayo mgonjwa wako hana. Papo hapo maji nayo ni mepesi mno: yanapita kwenye mikunjo ambayo makohozi mazito yangekwama. Kwa hiyo kipimo kimoja kinauonea mpira na kuupendelea kwa wakati mmoja. Mtu akiniambia kipimo chake ni kikali, humuuliza: kikali kwa lipi?

Sisi tunaanzia kwenye picha za CT. Umbo linachorwa kwenye kompyuta, printa ya 3D inatoa kalibu, silikoni inamiminwa: ngumu kiasi mahali pa gegedu, laini kabisa ukuta wa nyuma. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kinachotutoa jasho ni utelezi. Silikoni kavu inaing'ang'ania PVC, plastiki iliyoundia mpira. Unasukuma, inakwama, kisha inaruka ghafla. Ukipaka jeli, jeli inajaa kwenye mikunjo na puto linavuja kidogo kuliko ilivyo, yaani umekibadilisha kile kile ulichotaka kukipima. Tunajaribu kamasi bandia ya maji na gundi ya zanthani, ile inayotiwa kwenye vyakula ili viwe vizito. Halafu kuna joto: PVC hulainika ikikaa kwenye joto la mwili, hivyo koo letu tunalizungushia maji ya nyuzi 37. Mpira ulio baridi una ubishi ambao kwako wodini haudumu.

Wapo wanaotuambia tuchukue trakea ya nguruwe tuache mchezo. Ni laini, imelowa, sawa. Lakini nguruwe ana tawi la ziada linalochomoza kwenye trakea yenyewe kwenda pafu la kulia, na nyama haikusubiri hadi wiki ijayo urudie kipimo kile kile. Silikoni inakusubiri, na bila hilo huwezi kulinganisha mipira miwili kwa haki. Wanaonikera zaidi ni wapenda sura: rangi ya waridi, ulimi wenye vipele. Nipe koo lenye sura mbaya ila linaloonyesha ndani, nione tone linapita wapi.

Sasa nina shida na wewe. Mifano yetu imenyooka na imetulia, wakati mgonjwa anageuzwa, anakohoa, anafyonzwa makohozi. Mtu akiinamisha shingo, ncha ya mpira hushuka sentimita 2 hivi. Akiinua kichwa hupanda kiasi hicho hicho. Ndani ya trakea ya sentimita 10 hadi 12, hiyo si safari ndogo. Nataka kuunda shingo inayopinda, lakini sijui nipinde kiasi gani, wala kwa mwendo gani. Mnapomgeuza mgonjwa, kichwa kinashikwa vipi, na nani anaushika mpira? Shinikizo la puto mnalipima kabla, baada, au mkikumbuka? Niandikie ukweli wa zamu, si ulioandikwa kwenye mwongozo. Makoo ya watoto tuyaache kwanza, yana barua yao.

Wako,
Saida